Kutembea Ndani ya Viatu

Mkipita Kadutu jioni, miezi ya mwisho kabla ya Exetat, mtaona vijana wanatembea huku na huku kando ya barabara, karatasi mkononi, midomo ikicheza. Mgeni hudhani ni watu wa maombi, au kwamba wamechanganyikiwa. Sisi wenyeji twajua: ni finaliste, wanafunzi wa mwaka wa sita wanaongoja mtihani wa taifa, na wanabloke. Kubloke ni kukariri kwa sauti huku unatembea, mpaka somo likae kichwani lisitoke tena. Baba zenu walibloke hivyo, mimi pia, na hakuna aliyetufundisha. Nawaandikia ninyi mnaosoma sayansi juu ya kutembea huko, kwa sababu kulinishughulisha mwaka mzima, na hata sasa sijaelewa jambo hilo kwa ukamilifu.

Nilitunza labo ya kemia na biolojia katika shule moja ya sekondari hapa Bukavu, mpaka kifua changu kilipokataa harufu ya amonia na daktari akaniambia nichague. Wanafunzi waliniita Papa Labo. Diploma ya kemia sina. Nilijifunza kutoka vitabu vilivyokuwa kabatini, nikivisoma sura baada ya sura, na kwa kuosha mirija ya majaribio. Msidharau kuosha. Mrija uliooshwa vibaya hutoa jibu la jana kwa swali la leo.

Aliyenipokea kazini ni Papa Deo, mtunza labo wa kabla yangu, mzee wa Nyangezi aliyevaa koti jeupe hata siku ya kufagia. Kwake nilijifunza kwamba labo maskini si labo tupu. Chokaa ya kupaka ukuta ukiikoroga kwenye maji na kuiacha itulie, yale maji safi ya juu hugeuka maziwa ukiyapulizia pumzi kwa mrija, na mwanafunzi anaona kwa macho gesi aliyoitoa mwenyewe. Maua mekundu ya uzio ukiyachemsha, maji yake hugeuka waridi ndani ya asidi na kijani ndani ya majivu yaliyoloweshwa. Prefe, mkuu wetu wa shule, alijiuliza kwa miaka ni mdudu gani anayekula maua ya uzio wake.

Taa yetu ya kuchemshia iliwaka kwa kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, maana spiriti ya dukani ilikuwa ghali. Sasa ile kanyanga ikawa inapungua chupani upesi kuliko fizikia inavyoruhusu. Mimi nilikuwa na jibu tayari: ni sentineli, mlinzi wa shule. Papa Deo akanikataza kusema neno. Kwanza akabadilisha kizibo, akangoja. Ikapungua vilevile. Akarudisha kizibo cha zamani, akahamishia chupa kwenye baridi, akangoja tena. Ikapungua vilevile. Ndipo akaacha kila kitu kama kilivyokuwa, akatia tone la ile rangi ya buluu ya kupakia vijidudu chini ya hadubini. Kulipokucha, sentineli alitusalimia kwa midomo ya buluu. Papa Deo akamjibu salamu kwa heshima zote, akamwuliza habari za watoto. Baadaye akaniambia nikumbuke: unapotafuta sababu, badilisha kitu kimoja tu, vingine viache, hata kama tangu mwanzo unaamini unajua.

Miaka mingi baadaye, Papa Deo akiwa ameshastaafu na kurudi kwao, akaja Nsimire.

Alikuwa msichana wa mwaka wa sita, kemia na biolojia, mzaliwa wa Kamituga ambako baba yake alichimba dhahabu. Hapa mjini alikaa Panzi kwa tantine yake, dada ya baba. Darasani walimpa jina la Radio, kwa sababu ukimwuliza hatua za mgawanyiko wa seli alizitoa zote kwa Kifaransa safi, bila kukohoa. Alitaka kusomea dawa, awe daktari, na hakuna aliyemwonea shaka. Ukaja mtihani wa majaribio, ule unaofanywa shuleni kwa masharti ya Exetat yenyewe, na Nsimire akaanguka. Hakuanguka kidogo. Maswali mengi aliyaacha tupu.

Wavulana hawana huruma. Alipopita uani walimwita kutoka mbali: "Radio, pile zimeisha?" Yeye akawajibu kwamba betri ziko, ila kwao hakuna antena. Walicheka, naye akacheka. Kisha akaingia labo akidai amekuja kurudisha koleo, akakaa kwenye stuli ya mwisho.

"Papa Labo, mie si mujinga," akasema. "Kwa nyumba najua byote. Nikifika mu sale ya mutihani, kichwa inakuwa kama tablo yenye balisha kufuta."

Nilimwuliza, ubao huo hufutwa lini: akiingia, akikaa, au akisoma swali la kwanza? Alinitazama kana kwamba nimemwuliza rangi ya upepo. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba jambo hilo lina saa yake. Nikamwambia aangalie mara nyingine, kama anavyoangalia burette, ule mrija wa kudondosha asidi: si mwisho tu, bali tone linapoanguka.

Juma lililofuata baba yake akashuka kutoka Kamituga kwa pikipiki, matope mpaka magotini. Alizungumza na prefe, kisha akaletwa labo, maana binti alikuwa amenitaja. Mtu mfupi, mpole, mwenye macho yasiyotulia. Alizunguka meza zote akisoma chupa, na swali lake la kwanza halikumhusu mtoto. Alitaka kujua yako wapi yale maji yanayokula dhahabu. Nikamwambia ni asidi mbili zinazochanganywa, kwamba hatuna, na kwamba tungekuwa nayo nisingemwonyesha mchimbaji. Alifurahi sana kwa jibu hilo. Kisha akavua kofia.

"Papa, mie niko muchimbaji. Ukichimba shimo na haitoe kitu, haukaye pale kulia. Unahamia ingine."

Maana yake ilikuwa wazi. Dada yake mwingine alikuwa na duka la nguo Kamituga, akihitaji mtu wa kukaa nalo, na kulikuwa na kijana wa familia fulani aliyekwisha kuuliza habari za Nsimire. Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemsomesha binti kwa miaka katika nchi ambako wengi hawawasomeshi. Alichoogopa ni kuendelea kuchimba palipo patupu.

Nikamwuliza, kabla ya kuhama shimo, wanajuaje kwamba dhahabu haimo? Akasema wanaosha mchanga kwanza, wanaangalia karaini. Nikamwomba basi aniache nioshe mchanga. Alifikiri, akaicheka ile lugha yangu ya mgodini, na akakubali: Exetat moja. Binti akiipita, ataendelea. Akianguka, hakuna kurudia mwaka, wanapanda pikipiki pamoja. Nsimire alikuwa mlangoni, akasikia yote.

Vijana, hofu ya mtihani ina majina mengi, na kila mtu aliyemjua Nsimire alikuwa na lake. Tantine alisema kuna jirani mwenye wivu, akampeleka kwenye chumba cha maombi ambako alifunga kula siku za mtihani. Profesa Murhula, mwalimu wake wa kemia, alisema ni haraka: mtoto anaandika kabla ya kusoma. Mimi niliposikia habari ya kufunga nilijiona nimepata. Ubongo hula sukari, kitabu kinasema, na huyu alikwenda mtihanini na tumbo tupu. Nikamwita tantine, nikamwambia kwa adabu kwamba maombi yaendelee na uji uendelee. Alikubali, akinong'ona kwamba Mungu naye hakatazi uji. Nikaomba pia vingine vyote visiguswe. Kisha Profesa akatoa jaribio dogo la darasani.

Nsimire alikula uji, akaacha karatasi tupu kwa mara nyingine. Sababu yangu nzuri ya sukari nikaiweka kando. Hilo nalo ni sehemu ya kazi. Dhana inapokufa, usiibebe mgongoni ukisema inalala.

Lakini safari hii alirudi na habari. Alikuwa ameangalia tone.

"Kuingia, kichwa kiko. Kusoma swali, kiko bado," akasema. "Nikiisha kukaa vizuri, kutulia, njo kinakimbia."

Jambo hilo lilinishangaza. Mtu mwenye hofu humwambiaje mwenzake kwamba hofu huja anapotulia? Nikatega jaribio lingine. Nikampa burette, asidi, maji ya chokaa na yale maji ya maua, nikamwomba afanye titrasheni, ule upimaji wa kudondosha mpaka rangi ibadilike, huku akinieleza kama vile mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Alikwenda na kurudi kati ya meza na bomba, akimimina, akisuuza, akieleza. Hakukosea. Zaidi ya hayo, nilipomwuliza kwa nini tunaenda tone kwa tone karibu na mwisho, alinijibu kwa maneno yake mwenyewe, si ya daftari. Kwa hiyo wale waliosema anakariri bila kuelewa walikuwa wamekosea pia.

Nikamwambia akae, aandike yaleyale.

Akakaa. Kalamu ikasimama. Nilimwona akiangalia dirishani, na chini ya stuli miguu yake ikaanza kucheza, kulia, kushoto, kulia. Kisha sote wawili tukaitazama miguu ile.

"Papa," akasema polepole, "mie nilijifunza byote nikiwa natembea."

Akaanza kuniambia, na kadiri alivyosema ndivyo alivyojishangaa. Kule Panzi kuna njia kutoka kwa tantine hadi kisimani. Alkoholi na asidi za kaboksili alizisomea kwenye mteremko. Mzunguko wa upumuaji wa seli uliishia kwenye kona ya mti wa avokado, na kila mara akigeuka pale aliingia kwenye klorofili. Mvua ilipoharibu ile njia akawa hasomi, akidhani ni uvivu. Somo lake lilikuwa limelazwa kando ya barabara kama mihogo ya kuanikwa Mudaka, na mtihani ulimtaka aliokote akiwa amekaa, kimya, ndani ya chumba.

Je, ndivyo ilivyokuwa? Hapo hatukujua bado. Tulikuwa na wazo tu. Nsimire ndiye aliyesema tulipime. Alichagua sura mbili za biolojia ambazo hakuwa amezigusa, za urefu uliokaribiana. Moja ataibloke njiani kama kawaida. Nyingine ataisoma labo, amekaa kwenye stuli, mdomo umefungwa. Muda sawa, uji uleule. Mimi nitamwuliza zote mbili kwa maandishi, akiwa amekaa.

Nawaambia ukweli, ile sura ya kukaa ilimtesa. Alisinzia. Alilalamika kwamba maneno yasiyotamkwa hayana ladha, ni kama fufu bila samaki. Nilimkuta mara moja akisoma kwa sauti huku amefunika uso kwa koti langu, nikamrudisha kwenye masharti. Siku ya kuulizwa aliandika sura ile ya labo karibu yote. Sura ya njiani ilikuja vipande vipande, na vile vipande alivyovipata, alisema, alivipata kwa kufumba macho na kuipita tena ile njia kwa mawazo.

Nilimpelekea Profesa Murhula habari hizi, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alikaa kwenye kona ya meza akauliza maswali mazuri: sura zote mbili zilikuwa na michoro? Ipi ilisomwa kwanza? Kisha akasema jambo ambalo sisi wawili hatukuwa tumeliona.

"Musimukataze kutembea. Kutembea njo kunaingiza. Ila asiishie pale. Akitoka njiani, akae, aandike bila kuangalia. Na asiandikie hapa kwako, Papa Labo, hapa amekuzoea. Aandikie kwangu, nikiwa nimekasirika."

Alilitimiza. Kila Jumamosi alimweka Nsimire katika chumba cha fizikia pamoja na wanafunzi wengine waliotaka, akawagawia itemu, maswali ya Exetat ya miaka iliyopita, akatembea nyuma yao na viatu vyake vinavyolia, akiwa amekunja uso kama msimamizi aliyetumwa kutoka mbali. Aliwakataza kusimama na kuomba maji. Wengine walikuja kwa kumcheka Radio, wakabaki kwa sababu iliwafaa. Mmoja wa wale wa pile aliwahi kumwuliza kwa unyenyekevu kama anaweza kukaa karibu naye apate mawimbi.

Mambo hayakunyooka kwa mara moja. Kuna Jumamosi ubao ulifutika tena, akatoka akilia, na kilio kile kilikuwa cha kweli, maana Exetat ilikuwa imekaribia na baba alikuwa amekwisha kutuma neno kwamba atakuja. Nilimpa kitu pekee nilichokuwa nacho, ambacho ni cha labo. Chupa ikimwagika, mwanafunzi mgeni hukimbia, na akikimbia huangusha ya pili. Mzoefu hufanya hivi: anaweka chini alichoshika, anaweka viganja juu ya meza, anaangalia imemwagikia wapi na wapi bado pakavu. Anaanzia pakavu. Nikamwambia afanye hivyohivyo na karatasi: kalamu chini, viganja mezani, atafute swali lililo kavu.

Akaniuliza, na miguu je? Ile haitaki kuwekwa mezani.

Nikamwambia hilo nalo alipime. Jibu alilipata mwenyewe Jumamosi iliyofuata. Alikuja akiwa na uso wa mtu aliyeficha kitu, akanionyesha viatu vyake vyeusi vya shule. Sikuona lolote. Akasema niangalie vizuri. Ngozi ya mbele ilikuwa inapanda na kushuka kidogo sana, kulia, kisha kushoto. Alikuwa amekaa kimya kabisa, mgongo wima, na vidole vya miguu vilikuwa vinatembea ndani ya viatu.

"Nimefika kwa avokado," akasema, akaandika mzunguko wote wa upumuaji.

Msimamizi gani angemkataza hilo?

Siku za Exetat mimi sikuruhusiwa kukaribia kituo, na ni sawa. Nilikaa nje ng'ambo ya barabara pamoja na wazazi, na karibu nami akaja kukaa baba yake, pikipiki yake ikiwa imeegemea ukuta. Aliniuliza mara moja kama karai lilikuwa limeonyesha kitu. Nikamjibu kwamba nimeona vitu vinang'aa, lakini yeye ajua kuliko mimi kwamba si kila king'aacho ni chenyewe. Akaitikia kwa kichwa, akanunua mandazi, akanipa moja, na la pili akalishika mkononi bila kulila mpaka binti yake alipotoka. Alimpa lile andazi.

Ikafuata ile kungoja ambayo mnaijua. Nsimire alipanda kwenda Kamituga na baba yake, akakaa dukani kwa shangazi yule akipima vitambaa, maana baba alikuwa ameomba hivyo mpaka matokeo yatoke. Yalipotoka, mji ulipiga kelele kama kawaida. Waliopita walimwagiwa poda kichwani, wakazunguka na pikipiki wakiimba. Mimi simu yangu haikuita. Nilijiambia kwamba mtandao wa Kamituga ni mbovu, kisha nikajiambia kwamba mtu hutafuta sababu ya mtandao anapoogopa sababu nyingine.

Alikuja mwenyewe. Nilikuwa nasuuza mirija ya mwaka uliokwisha, nikasikia stuli ya mwisho ikiburutwa. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa poda, na poda ilikuwa imeshuka mpaka kwenye kola. Nyuma yake, mlangoni, baba yake alikuwa ameshika kofia, naye mabega yalikuwa meupe. Alisema neno moja tu, kwamba hahami shimo hili, akatoka nje kwa haraka kama aliyeitwa.

Nilifuta mikono, nikampongeza binti, nikamwuliza habari za chuo. Dawa, akasema, hapahapa mjini, ataanza Mungu akipenda. Lakini alikuwa akijibu kwa adabu tu. Nilimjua. Alikuwa na kitu kingine.

"Papa Labo, niliwaza mu njia yote kutoka Kamituga," akasema. "Tulibadilisha kukaa. Na uji. Na Prof wa kukasirika. Na bidole. Byote pamoja, kwa mutu moja tu. Tunajua namna gani ni nini ilisaidia?"

Nikamwambia hatujui.

"Basi mwaka huu kuko finaliste ngapi?" akauliza, akavuta stuli karibu na meza, poda ikidondoka juu ya kitambaa changu safi, na tukaanza kupanga nani atembee na nani akae.